Vidude vya kuigeuza bunduki kuwa rashasha: Je, vinafaa bei yake?

IKIWA una kijana nyumbani mwenye simu, huenda umemkuta akitazama kanda za Wamarekani wakijifurahisha kwa bunduki uwanjani. Mwanamume mwenye kofia anainua bunduki yake begani, na kabla hujapepesa macho risasi 30 zimekwisha, maganda yametapakaa miguuni mwake na wenziwe wanapiga vifijo. Kisha anaonyesha kidude alichokifunga kwenye bunduki hiyo na kutaja bei. Dola 200 hivi. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola moja, hizo ni Sh26,000.

Je, pesa hizo zinamnunulia nini hasa?

Kwanza tufahamu vidude vyenyewe. Cha zamani na cha bei nafuu zaidi ni mkono mdogo wa kuzungusha, mfano wa ule wa cherehani ya mkono, unaofungwa karibu na kifyatulio. Kila ukizungushwa, kifyatulio kinabonyezwa mara kadhaa. Wazo hilo si geni. Richard Gatling alipata hataza ya bunduki yake ya kuzungushwa kwa mkono mwaka 1862, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mkono huu huuzwa kwa makumi machache tu ya dola.

Cha pili ndicho kilichovuma zaidi, nacho Wamarekani hukiita bampu-stoki. Hiki ni kitako cha plastiki kinachochukua mahali pa kitako cha kawaida. Kila bunduki inapolia hurudi nyuma na kumpiga mtu begani. Kitako hiki huiacha bunduki iteleze nyuma na mbele, hivi kwamba kifyatulio kinajigonga chenyewe kwenye kidole ambacho kimetulia tu. Risasi hutoka kwa kasi ya 400 hadi 800 kwa dakika, ambayo haiko mbali na ile ya rashasha ya jeshi.

Cha tatu ni aina mpya za vifyatulio. Kuna kinachopiga risasi moja unapokivuta na nyingine unapokiachilia, na kuna kinachorudishwa mbele kwa nguvu na bunduki yenyewe ili kiwe tayari tena papo hapo. Hivi hugharimu dola 300 au 400.

Lakini kwa nini mtu asinunue rashasha halisi? Jibu liko katika sheria. Mwaka 1934, baada ya miaka ya majambazi wa pombe haramu, Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa kila rashasha iliyouzwa, kiasi ambacho siku hizo kilikaribia bei ya silaha yenyewe. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo likafunga mlango kabisa: raia wangeweza kuuziana zile tu zilizokuwa zimesajiliwa kufikia Mei mwaka huo. Kwa vile idadi yake haiongezeki, bei imepanda hadi rashasha moja ya aina ya M16 kugharimu zaidi ya dola 20,000, yaani Sh2.6 milioni na zaidi. Ukilinganisha na hizo, kitako cha Sh26,000 kinaonekana kama cha bure. Na cha bure, waswahili tunajua, huwa ghali.

HESABU YA RISASI

Hebu tupige hesabu. Risasi moja ya bunduki ya AR-15 hugharimu kama senti 50 za dola. Kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika, kasha la risasi 30 linamalizika kwa sekunde tatu. Hizo ni dola 15, karibu Sh2,000. Kwa sekunde tatu! Mtu akijaza makasha matano, atakuwa amefurahi kwa robo dakika na kuchoma karibu Sh10,000, halafu aketi na kuanza kuyajaza tena, risasi moja moja, kwa vidole. Dakika moja nzima ya kupiga itamla dola 300. Kidude kimelipiwa mara moja tu, lakini risasi hulipiwa kila Jumamosi.

Na shabaha je? Bunduki inayoteleza begani haielekei ilipolengwa. Risasi ya kwanza huenda ikapata karatasi, ya tano iko juu yake na ya kumi inajua Mungu. Jeshi la Marekani lenyewe lilijifunza hayo kule Vietnam, askari walipomwaga risasi ovyo vichakani. Bunduki ya M16A2, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, ilitengenezwa isipite risasi tatu kwa kila mvuto wa kifyatulio. Ikiwa jeshi lenye pesa zote zile liliona ni hasara, mimi sielewi fundi wa mabomba wa Texas anatafuta nini huko. Mtutu nao hupata moto na kuchakaa mapema, na mtutu mpya haupewi bure.

Wanaovitetea husema ni burudani tu, kama mwingine anavyonunua pikipiki ya mashindano. Kampuni ya Slide Fire ya Texas, iliyoanza kuuza vitako hivyo mwaka 2010 baada ya kupata barua ya kibali ya idara ya serikali inayosimamia silaha, ilikuwa imesema vingewasaidia watu ambao mikono yao haina nguvu.

LAS VEGAS

Usiku wa Oktoba 1, 2017, watu wapatao 22,000 walikuwa kwenye tamasha la muziki wa kantri mjini Las Vegas. Kutoka orofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, mtu mmoja aliwamiminia zaidi ya risasi 1,000 kwa muda wa kama dakika 10. Waliokufa walikuwa 58, na baadaye idadi ikafika 60 wengine walipofariki kutokana na majeraha yao. Mamia walijeruhiwa. Polisi walipovunja mlango walikuta bunduki zaidi ya kumi zikiwa zimefungwa vitako vya aina hiyo hiyo.

Kulenga vibaya, ambako uwanjani ni kichekesho, hakukuwa na maana pale. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba haukuhitaji shabaha.

Serikali ya Rais Donald Trump ikatangaza mwishoni mwa 2018 kwamba kitako hicho ni sawa na rashasha. Wenye navyo walipewa hadi Machi 26, 2019 wavivunje au wavisalimishe, bila fidia. Idara hiyo ilikadiria kwamba vilivyokuwa mikononi mwa raia vingeweza kufika 520,000. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei yake.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Kidude cha awali kilichoitwa Akins Accelerator, kilichouzwa kama dola 1,000, kilipewa kibali kisha kikanyimwa mwaka 2006, na wenyewe wakatakiwa kutoa springi zake.

Kisha upepo ukageuka tena. Mfanyabiashara wa bunduki wa mji wa Austin, Michael Cargill, alikwenda kortini, na Juni 14, 2024 Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa kura sita dhidi ya tatu. Jaji Clarence Thomas alieleza kwamba kifyatulio bado hubonyezwa mara moja kwa kila risasi, hivyo hiyo si rashasha. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akisema ndege anayetembea na kulia kama bata yeye humwita bata. Hata hivyo, majimbo kama California, New York na Florida yana marufuku yake yenyewe. Mtu anaweza kununua kidude kihalali katika jimbo moja, akavuka mpaka na kujikuta mhalifu.

WATOTO NA WANAFUNZI

Wapo watakaosema wao hawatanunua, watajaribu tu siku moja kwenye viwanja vya watalii. Agosti 2014, kwenye kiwanja kimoja cha jangwani Arizona, msichana wa miaka tisa alipewa rashasha ndogo ya Uzi. Ilipoanza kulia mfululizo ilimshinda nguvu, ikapanda juu na kumuua mwalimu aliyesimama kando yake. Wazazi wake walikuwepo.

Na kwa mzazi aliye na mtoto anayesomea kule, kuna jambo ambalo wauzaji wa kandani hawalitaji. Sheria ya Marekani humkataza mwenye viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Tangu 2022 kosa hilo laweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Bunduki aliyoazimwa na mwenzake wa chuo nayo huhesabiwa.