Kine wa wachezaji anasoma nini, na kwa nini mashimo yetu hayana wake

Kila mara Muungano inapokutana na Dawa pale Stade de la Concorde, Kadutu, kuko mtu mmoja ambaye hakuna anayemshangilia. Anakaa pembeni ya benchi na sakoshi yake. Mchezaji akianguka na asiinuke, mwamuzi anamwita, naye anakimbia. Anauliza, anagusa, anapinda goti huku na huku pole pole, kiisha anaonyesha kwa mkono: huyu anaendelea, ao huyu anatoka. Kwa dakika mbili hizo yeye ni mkubwa kuliko kocha. (Tuseme kweli, wakati mwingine ni kijana tu wa kubeba maji na barafu, hajasoma kitu. Hapa naongea juu ya yule aliyesoma.)

Kwetu tunamwita kine, kifupi cha kinésithérapeute. CAF inaomba kila klabu inayotaka leseni ya kucheza mashindano yake iwe na munganga na kine. Kwa hiyo mguu wa mchezaji uko na mtu wake. Mguu wa mchimbaji hauna. Na bado ukihesabu vizuri, nani kati yao wawili anatumia mwili zaidi? Mmoja anakimbia dakika 90, mara moja ao mbili kwa juma. Mwingine anashuka asubuhi, anapiga nyundo akiwa amepiga magoti, anapandisha gunia kwa mgongo, na kesho yake anashuka tena.

Nilitaka kujua kijana anayesomea kazi hii ya kuangalia wachezaji anafundishwa vitu gani. Nilikuta kwamba karibu kila somo lake lingekuwa na kazi kule Kamituga, Nyabibwe, Nzibira ao Misisi.

Nchi iliyoipanga sana kazi hii ni Marekani. Kule si kine wa kawaida tu, ni kazi ya pekee: mtu anasoma kwa ajili ya kukaa na wachezaji, kuzuia wasiumie, kuwahudumia wakiumia, na kuwarudisha uwanjani. Watu wa kazi hiyo walianzisha chama chao mwaka 1950, mjini Kansas City. Chama cha waganga wa Marekani kiliwatambua kama watu wa afya mwaka 1990. Siku hizi hawachukui tena mwanafunzi wa kuishia kwenye licence, lazima afike masta. Sisi watu wa sendika hiyo hesabu tunaielewa: kwanza chama, kiisha miaka 40 ya kuomba, ndiyo kutambuliwa.

Somo la kwanza ni anatomia. Mwanafunzi anajifunza mifupa 206 ya mtu mzima, viungo, misuli na kano, si kwa jina tu, lakini kila kimoja kinashika wapi na kinavuta nini. Ni somo la kuchosha, wengi wanaanguka hapo. Lakini bila hiyo, mtu anayekuchua kifundo cha mguu hawezi kujua kama kano imevutika ao mfupa umepasuka. Naheshimu wazee wetu wanaorudisha mifupa, wamesaidia wengi mahali ambapo hospitali iko mbali. Lakini kuchua kwa nguvu mfupa uliovunjika jana kunaweza kukata mshipa wa damu ulio pembeni, na hapo mguu unakwenda. Kine aliyesoma anajua wakati wa kugusa na wakati wa kuacha.

Somo lingine linaitwa biomekanika. Ni hesabu za nguvu ndani ya mwili. Chukua gunia la kasiterite la kilo 50. Ukiliinua likiwa karibu na tumbo, magoti yamepinda, mgongo unabeba vizuri. Ukiinama na kulivuta likiwa mbali na mwili, misuli ya kiuno inalazimika kuvuta nguvu inayopita uzito wenyewe mara nyingi, ni sawa vile mtu anavyoinua jiwe kwa mtaimbo akiwa ameshika upande mfupi. Diski za uti wa mgongo zinaminywa kila siku. Mchimbaji akifika miaka 35 anasema “wamenitupia kitu”. Hapana, papa. Hakuna aliyekutupia. Ni gunia.

Na mama zetu? Mama twangaise wa Kamituga anatwanga mawe tangu asubuhi mpaka jioni. Bega lile lile, kiwiko kile kile, mara maelfu kwa siku. Wale wanaobeba kwa kamba kwenye kipaji cha uso, shingo yao inabeba kile ambacho mgongo ungepaswa kubeba. Mwanafunzi wa biomekanika anafundishwa kuangalia mchezaji wa mpira wa mikono anavyorusha, mara ngapi, na kwa pembe gani, ili bega lisichakae. Mkalishe huyo mwanafunzi siku moja mahali pa kutwangia. Atapata kazi ya kuandika mwaka mzima.

Kiisha linakuja somo la huduma ya haraka, na hapa naomba musome polepole. Mwanafunzi anafanya mazoezi mpaka mikono yake inajua bila kufikiri: kuangalia kama njia ya hewa iko wazi, kukandamiza kidonda kinachotoa damu bila kuachilia, kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kikishuka sentimita 5 mpaka 6. Anafundishwa pia kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu ao aliyepigwa kwenye shingo hasogezwi ovyo. Mmoja anashika kichwa kisitembee, wengine wanamgeuza wote kwa pamoja, kama ubao mmoja, ndiyo anawekwa kwenye machela.

Sisi tunafanya nini? Mtu akitolewa kwenye mporomoko, mmoja anashika mabega, mwingine miguu, katikati anajikunja. Kiisha anawekwa kwenye pikipiki kati ya watu wawili, kichwa kinacheza. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni karibu kilomita 180, na barabara hiyo munaijua. Kuko watu walitoka shimoni wakitembeza vidole vya miguu, wakafika hospitali havitembei tena. Si ubaya wa waliowabeba, waliwabeba kwa upendo. Hakuna aliyewafundisha.

Pigo la kichwa nalo liko kwenye masomo. Uwanjani sheria ni moja: mchezaji aliyepigwa kichwa akachanganyikiwa hata kidogo, siku hiyo harudi, hata akiapa kwamba yuko sawa. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena upesi, hatari ni kubwa. Shimoni jiwe likimwangukia mtu bila kofia ngumu, anakaa chini, anakunywa maji, watu wanacheka kidogo, anaendelea.

Joto pia. Mchezaji ambaye mwili wake umepita digrii 40 na akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, somo linasema: kwanza mpoze kwa maji baridi mwili mzima, kiisha ndiyo umpeleke. Wengi wanageuza, wanakimbia naye kwanza. Ndani ya galeri refu, mashine ya hewa ikizimika, joto na kukosa hewa vinakuja pamoja. Hapo anayetaka kumfuata mwenzake ndani asishuke kabla hewa haijarudi, vinginevyo tutatoa wawili.

Sehemu ndefu ya masomo ni kurudisha mtu kazini. Hapa ndipo kine anaachana kabisa na mtu wa kuchua. Mchezaji wa Ulaya aliyekatika kano kubwa ya goti anangoja miezi 9 ao zaidi: kwanza kupunguza uvimbe, kiisha kukunja na kunyoosha, kiisha nguvu, kiisha kusimama kwa mguu mmoja, kukimbia, kuruka, na mwisho kabisa mpira. Kila hatua ina kipimo, usipopita hauendi mbele. Mchimbaji anarudi siku ya tatu. Si kwamba hana akili. Analipwa kwa sehemu yake ya mchanga, asiposhuka hakuna sehemu, na watoto wanakula kila siku. Hata kine mwenye diploma tatu hawezi kutibu hilo. Linataka mapatano kati ya timu na PDG wa shimo: sehemu ya mgonjwa inakuwa namna gani wakati anapona.

Kuko pia kuzuia. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yanaitwa 11+, ya dakika kama 20, bila mashine yoyote. Wachunguzi walikuta timu zinazoyafanya kwa uaminifu zinapunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Dakika 20, chini ya mti. Sisemi timu ya shimo icheze 11+ kabla ya kushuka, watu watatuona wazimu. Nasema mazoezi ya namna hiyo kwa mgongo na mabega yangeweza kutungwa na mtu aliyesoma.

Lakini uwanja haufundishi yote. Uwanja hauna vumbi la kuharibu mapafu wala zebaki. Na hauna mawe yanayominya. Mwaka 1941, wakati wa mabomu ya Wajerumani, waganga wa London waliandika juu ya watu waliotolewa chini ya nyumba zilizoanguka: wanatoka wakiongea, mguu ulikuwa umeminywa kwa saa nyingi, na siku chache baadaye figo zinasimama wanakufa. Misuli iliyominywa inaachilia sumu kwenye damu wakati jiwe linaondolewa. Mtu wa namna hiyo anahitaji maji ya mshipa mapema, na hospitali, hata kama anasema hana shida. Munakumbuka Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipojaza mashimo na zaidi ya ndugu zetu 50 wakabaki chini. Kine wa mgodi ni lazima aongezewe masomo hayo juu ya yale ya mpira.

Wazo la kupeleka elimu ya michezo shimoni si geni. Afrika ya Kusini wana kazi inaitwa biokinetika, kazi ya kurudisha mwili kwa mazoezi, na baadhi ya watu wake wanafanya kazi na kampuni za madini: wanapima kama mfanyakazi ana nguvu za kazi anayopewa, wanamwandaa tena baada ya kuumia. Zamani, migodi yao ya dhahabu, ile mirefu yenye joto kali, ilizoeza watu kwenye vyumba vya joto kwa siku kadhaa, wanapanda na kushuka benchi, kabla ya kuwashusha. Tusidanganyane: ilikuwa wakati wa ubaguzi, na kampuni ilitafuta dhahabu, haikumpenda mtu mweusi. Lakini hata kampuni yenye roho mbaya iliona kwamba mwili ulioandaliwa unafia kazini kidogo kuliko usioandaliwa.

Sasa, mtoto akisema “papa, nataka kusoma kine”, usimjibu kwamba hiyo ni kazi ya kusugua watu. Anahitaji diploma d'Etat, na aliyesoma biolojia na kemia anaanza vizuri. Kwa mpango wa LMD licence ni miaka 3, kredi 180. Kinshasa, chuo kikuu cha UNIKIN kina idara yake ndani ya kitivo cha udaktari. Ng'ambo ya Ruzizi, Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha fiziotherapi. Bujumbura kuko taasisi ya elimu ya mwili na michezo ya Chuo Kikuu cha Burundi. Tanzania kuko Moshi, kwenye chuo cha KCMC. Hapa Bukavu, kabla ya kulipa minerval mahali popote, nenda sekretariati, omba kuona kartasi ya Serikali inayokubali filière hiyo, na uulize wanafunzi wanafanya staji hospitali gani na wanasimamiwa na nani. Shule isiyo na staji inauza kartasi. Na mtoto akitaka kwanza kuona kazi yenyewe kwa macho, aombe kutembelea Heri Kwetu, pale wanaposaidia watu wenye ulemavu kutembea tena.

Franga zitatoka wapi? Kodi ya mining inayolipwa na kampuni zenye vyeti, sheria inaacha asilimia 15 kwa sekta, shefferi ao komini zenyewe. Na tangu sheria ya madini ilipogeuzwa mwaka 2018, kampuni hizo zinapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya wananchi wa pale. Huwa tunaomba madarasa na vyanzo vya maji, ni vizuri. Tunaweza pia kuomba minerval ya vijana wawili wa kila sekta yenye mgodi, kwa mkataba kwamba watarudi kufanya kazi miaka kadhaa mahali hapo. Kooperative nazo zisingoje miaka mitatu. Msalaba Mwekundu hufundisha watu huduma ya kwanza. Kila shimo lingekuwa na wawili waliofundishwa, machela moja, na mbao za kufungia mguu.

Na kwenye hao vijana wawili, sendika itaomba mmoja awe binti. Mama twangaise mwenye maumivu ya kiuno hatamvulia kijana wa miaka 22 nguo ili aguse mgongo wake. Atasema amepona, atarudi kwenye kinu.