Baraza na Njia ya Miguu: Mfano wa Mji wa Lamu

Neno baraza lina maana mbili, ambazo msomaji wa Lubumbashi aweza kuziona kuwa hazina uhusiano. Kwanza ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba. Ndiyo maana waliyoichukua Wabelgiji walipoliingiza neno hili katika Kifaransa chao cha Kongo kwa umbo la «barza». Pili ni mkutano wa watu wenye shauri, kama tusemavyo Baraza la Mawaziri. Ili kuelewa jinsi kiti kilivyozaa mkutano, yafaa tuutazame mji wa Lamu, katika pwani ya Kenya, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Mji huo ulijengwa kwa kipimo cha mtu aendaye kwa miguu na punda mwenye mzigo. Njia yake kuu, ambayo kwa Kiamu huitwa Usita wa Mui (yaani njia ya mji), hufuata ufuo kwa ndani, na vichochoro huteremka kutoka juu kuelekea baharini. Kuta ndefu za mawe hutia kivuli mchana kutwa. Mlangoni mwa nyumba kubwa mna daka, na humo baraza za mawe pande mbili. Mwenye nyumba ameketi. Mpita njia yu karibu naye kiasi kwamba kupita bila salamu ni kosa la adabu. Salamu huleta habari, habari huleta shauri, na shauri huwaketisha watu. Hivyo ndivyo maana ya pili ilivyotoka katika ya kwanza.

Tusiusifu mji huo kupita kiasi. Baraza ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na njia zao, na mojawapo ni wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikiunganisha nyumba mbili, hata jirani akamwendea jirani pasipo kushuka njiani.

Neno lilipofika kwetu lilikuta mji wa namna nyingine. Élisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilipimwa kwa barabara pana zilizonyoka, na ukanda mtupu wa ardhi ukatenga makao ya Waafrika na ya Wazungu: umbali ulikuwa ndio shabaha. «Barza» ya Mzungu ilitazama bustani yake. Jina lilihama, lakini mpita njia hakuhama nalo. Na leo, pale tunapozungushia kiwanja ukuta na lango la chuma, baraza yetu nayo hutazama ndani.

Lamu yenyewe haiko salama. Katika miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani, na ubishi juu ya mahali zinaporuhusiwa kupita si wa kelele na ajali tu. Aliyeketi barazani hawezi kumwuliza habari za nyumbani mtu aliyekwisha kupita.