Kuzamia Visiwani: Pumzi ya Wazee na Hewa ya Mtungi

Mtu wa bara afikapo Shimoni, kijiji cha wavuvi kilicho pwani ya kusini ya Kenya, huona asubuhi wageni wakipanda mashua kwenda Wasini na Kisite. Hawachukui nyavu, wala mishipi, wala mikuki. Wamebeba miwani ya kioo, mirija, na viatu vya mpira vyenye umbo la pezi la samaki. Wengine wana mitungi ya chuma mgongoni. Alasiri hurudi mikono mitupu. Hawakuleta samaki hata mmoja, na bado nyuso zao zimejaa furaha. Mtu huyo huuliza, basi wamefuata nini huko?

Jibu ni kwamba wamekwenda kutazama. Lakini nyuma ya jibu hilo jepesi liko jambo lingine, ambalo lafaa lijulikane na kila kijana wa pwani na visiwani, na hata na kijana wa bara atafutaye kazi huko. Jambo hilo ni hili: kuzamia kwa pumzi ya mtu mwenyewe na kuzamia kwa hewa ya mtungi si kazi moja. Aliye hodari wa njia ya kwanza aweza kufa upesi katika njia ya pili, kwa sababu ya uhodari wake ule ule.

Bustani iliyo chini ya maji

Kisite ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya Wasini. Hifadhi ya bahari iliyokizunguka ilianzishwa katika miaka ya 1970, na eneo lake ni kilomita za mraba 28. Ndani yake hairuhusiwi kuvua kabisa. Pembeni mwake ni Mpunguti, penye kilomita za mraba 11, ambapo wavuvi wa asili huruhusiwa kuvua kwa njia zao za zamani. Malindi na Watamu zilitangulia, kwa maana hifadhi zao za bahari zilianzishwa mwaka 1968.

Matumbawe ambayo wageni huenda kuyatazama si mawe matupu. Ni kazi ya viumbe wadogo sana, wakaao pamoja maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijijengea nyumba ya chokaa. Katika nyumba hizo samaki hupata maficho na chakula: pono, changu, tewa, taa, na kasa pia hupita hapo. Viumbe hao hawawezi kustahimili joto kupita kiasi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Kwa hiyo mzamiaji aliyefundishwa hasimami juu ya tumbawe, wala halishiki, wala halivunji. Tawi livunjwalo kwa unyayo mmoja laweza kuwa limekua kwa miaka mingi.

Njia ya mrija

Njia nyepesi ya kuitazama bustani hii ni kwa mrija. Mtu huvaa miwani ifunikayo macho na pua, huuma ncha ya mrija wenye urefu wa kadiri ya sentimita 40, kisha huelea kifudifudi akivuta hewa ya juu. Miwani ni ya lazima, kwa sababu jicho la mwanadamu haliwezi kuona sawasawa liguswapo na maji. Sharti pawe na hewa kati ya jicho na maji.

Huko Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, wageni huruhusiwa njia hii tu. Sehemu ya miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wake wa kwanza walikuwamo watu waliokuwa wavuvi hapo awali. Mitungi hairuhusiwi, ila kwa wataalamu wa uchunguzi. Na mgeni hapungukiwi na kitu, kwa kuwa matumbawe yako karibu na uso wa maji, mahali ambapo jua huyafikia.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mrija usifanywe mrefu, mita 2 au 3, ili mtu akae chini apendavyo? Hilo haliwezekani. Maji yana uzito. Katika kina cha mita 1 tu, maji hukandamiza kila sentimita moja ya mraba ya mwili kwa uzito wa gramu 100. Kwa kifua kizima huo ni mzigo uzidio gunia la mahindi. Mtu aliyebebeshwa gunia kifuani hawezi kuvuta pumzi kutoka juu kwa mrija. Ndiyo sababu wanadamu walihitaji kutafuta njia nyingine.

Pumzi ya wazee

Wazee wa visiwani, tangu zamani, walizamia kwa pumzi moja. Walijaza mapafu yao hewa, wakashuka, wakaokota kombe au kunasua nanga, wakapanda. Tuangalie hali ya hewa iliyo ndani ya mapafu yao.

Kila mita 10 za kushuka huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mzee aliyejaza lita 4 za hewa juu, akifika mita 10 hewa yake hubanwa ikawa lita 2. Apandapo, hewa ile hupanuka tena, ikawa lita 4 kama alivyoichukua. Haiwezi kuzidi. Mapafu yake hayana hatari ya kupasuka, hata akibana pumzi mpaka kichwa kitoke majini. Tena, hukaa chini muda mfupi tu, na kwa kawaida damu yake haipati nafasi ya kunywa hewa nyingi.

Si kwamba njia hiyo haina hatari. Masikio yaweza kuumia ikiwa mtu hakuziba pua na kupuliza polepole mapema, kabla ya maumivu kuanza. Na mwenye mafua asizame kabisa. Hatari nyingine ni desturi ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Watu wengi hudhani huongeza hewa mwilini. Sivyo. Huondoa tu ile hewa chafu ambayo ndiyo humwonya mtu kwamba yampasa kupumua. Onyo likichelewa, mtu huzimia majini bila kuhisi dhiki yoyote. Kwa hiyo asizame mtu peke yake. Mmoja akiwa chini, mwenziwe awe juu akimtazama.

Hewa ya mtungi

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo ambacho humpa mzamiaji hewa ya mtungi kila avutapo pumzi, tena kwa mkandamizo ulio sawa na ule wa maji yaliyomzunguka. Kwa hiyo kifua hakishindwi tena na mzigo wa maji. Mtungi hujazwa hewa ya kawaida iliyosafishwa, wala si oksijeni tupu kama wengi wasemavyo. Oksijeni tupu huweza kuwa sumu kwa mtu aliye chini ya mita 6.

Mtungi wa lita 12, uliojazwa mara 200, una lita 2,400 za hewa. Mtu atumiaye lita 20 kwa dakika juu ya maji angekaa nao dakika 120. Lakini katika kina cha mita 10 hutumia maradufu, na mtungi humtosha dakika 60. Katika mita 30 hutumia mara nne, na dakika 30 ndizo mwisho wake. Tena hapaswi kuimaliza, kwa maana yahitajika akiba ya kupandia.

Sasa tuone pale ambapo hodari wa pumzi hukosea. Yuko mita 10 chini, amejaza mapafu lita 4 za hewa ya mtungi. Anashtuka kwa sababu fulani. Anabana pumzi, kama alivyozoea tangu utoto, na kupanda mbio. Hewa yake haikubanwa kutoka lita 8 za juu; ilikuwa lita 4 huko huko chini. Kila apandapo hupanuka, na ikifika juu hutaka nafasi ya lita 8. Kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu hupasuka, na mapovu huingia katika damu na kwenda kwenye ubongo. Hata kina cha mita 2 chatosha kuleta madhara haya. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mtungi ni: usibane pumzi kamwe.

Deni la hewa

Amri ya pili hutokana na naitrojeni, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa tuivutayo. Juu ya nchi haitudhuru. Lakini mtu akaapo chini akipumua hewa iliyobanwa, naitrojeni huingia katika damu na nyama za mwili, na kadiri akaavyo na kushuka ndivyo izidivyo. Hilo ni deni, nalo hulipwa wakati wa kupanda. Akipanda polepole, naitrojeni hutoka kwa mapafu bila shida. Akipanda haraka, huwa kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula: mapovu hutokea katika viungo, katika uti wa mgongo, na katika damu.

Mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliwajaribu mbuzi katika chumba cha hewa iliyobanwa, akapima ni kiasi gani waweza kupunguziwa mkandamizo bila kudhurika. Mwaka 1908 alitoa jedwali za kupandia kwa vituo, na njia yake ndiyo msingi wa jedwali nyingi zilizofuata. Siku hizi wazamiaji wa matembezi hufundishwa kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Asiyezoea hazidi mita 18. Aliyezamia mara moja hukaa saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyerudia hukaa saa 18.

Pemba ndipo mahali paonyeshapo maana ya amri hizi. Mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa hicho na bara una kina cha zaidi ya mita 800, na upande wake wa magharibi miamba hushuka kama ukuta wa nyumba. Maji ni maangavu, na mzamiaji haoni sakafu ya kumwonya. Hujikuta amefika mita 40 akidhani yuko 20. Kutoka kadiri ya mita 30 naitrojeni hulevya kama pombe, na mlevi hajui kuwa amelewa.

Huko Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, hatari nyingine ni mkondo. Katika mlango wa Kinasi, maji ya kujaa huingia Ghuba ya Chole kwa nguvu, na ya kupwa hutoka kwa nguvu vile vile. Mzamiaji hufuata majira ya maji, na hapo elimu ya nahodha wa kisiwani, ajuaye bamvua na maji mafu, ni ya lazima kama mtungi wenyewe.

Aliyepatwa afanyiwe nini

Dalili huweza kuonekana mara moja au baada ya saa kadhaa: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, au kushindwa kukojoa. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni ikiwapo, na apelekwe hospitali bila kukawia. Daktari aambiwe wazi ya kuwa mtu huyu alizamia kwa mtungi. Asirudishwe majini ati apone huko. Dawa yake ni kutiwa katika chumba maalumu cha mkandamizo, na vyumba hivyo ni vichache, tena viko mbali na visiwa vingi.

Twasema haya kwa ajili ya kijana atafutaye jongoo bahari. Jongoo hao huuzwa kwa bei nzuri katika nchi za Mashariki ya mbali, na walio karibu na pwani wamepungua. Basi kijana hushawishika kuazima mtungi ili awafuate kilindini, akishuka na kupanda mara nyingi kwa siku moja. Baba yake alikuwa mzamiaji, na yeye mwenyewe ni hodari; huona mafundisho ni ya wageni. Lakini mkandamizo wa maji haumjui mgeni wala mwenyeji.

Kabla hujautwaa mtungi mgongoni, jiulize maswali matatu. Nani amenifundisha? Hewa hii imejazwa wapi, na je, moshi wa mashine haukuingia ndani yake, kwa maana moshi huo ni sumu? Nani ashuka pamoja nami? Ikiwa swali moja halina jibu, uache mtungi mashuani, uvae miwani na mrija, utazame bustani ukiwa juu. Nyumbani wanakungoja.