Maumivu Yana Maneno Yake

Homa ina kipimajoto na presha ina mashine yake, lakini maumivu hayana chombo cha kuyapima. Anayeyajua ni mwenye nayo, na ili daktari ayaelewe, mara nyingi hana budi kutegemea maneno ya mgonjwa.

Mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, aliyachukulia maneno hayo kwa uzito unaostahili. Katika miaka ya 1950, akiwa Oregon, Marekani, alizungumza na wagonjwa waliokatwa viungo, ambao bado waliumwa mguu au mkono usiokuwapo. Akaanza kuorodhesha maneno waliyoyatumia. Mwaka 1975, akiwa Chuo Kikuu cha McGill, alichapisha dodoso lenye maneno 78 katika makundi 20. Yapo yanayoeleza jinsi mwili unavyohisi, kama kupwita, kuchoma na kuunguza. Yapo ya athari ya maumivu kwa nafsi, kama kuchosha na kutisha, na yapo ya kupima ukali wake.

Maneno hayo yana asili yake mwilini. Ukijikwaa kidole cha mguu, kwanza unasikia maumivu makali, ya ghafla, na unajua hasa yalipo. Baada ya kitambo kidogo yanafuata mengine, ya kuunguza na kufukuta, yasiyo na mpaka. Taarifa za kwanza hupita katika nyuzi za fahamu zenye utando, kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Za pili hupita katika nyuzi nyembamba zisizo na utando, kwa mita 2 au chini ya hapo. Pigo ni moja, maumivu ni mawili, na kila moja lina neno lake.

Ndiyo maana neno humsaidia daktari kujua ugonjwa. Mwenye kisukari akisema nyayo zinawaka moto, zinakufa ganzi au zinapigwa shoti, huenda mishipa ya fahamu imeharibika. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hayatulizwi na parasetamoli. Hutibiwa kwa baadhi ya dawa zilizobuniwa kwa ajili ya kifafa au sonona. Naye mwenye shambulio la moyo anaweza kukana kabisa kwamba anaumwa, akasema tu kifua kinabana au kimeelemewa. Asiyelisikiliza neno hilo anaweza kumpoteza mgonjwa.

Kiswahili kimejaliwa hazina kubwa hapa: kichwa kinagonga, jino linapwita, tumbo linasokota, kidonda kinachonyota, ubavu una kichomi. Mgonjwa anayetakiwa kutaja namba tu, kutoka 0 hadi 10, anaeleza ukubwa wa maumivu bila aina yake. Namba ni muhimu, lakini swali la "Yanauma vipi?" linapaswa kuandamana nayo, na jibu liandikwe kwenye faili kama lilivyotamkwa.

Na asiye na maneno? Shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu, katika fasili yake ya mwaka 2020, linasisitiza kwamba kushindwa kusema si ushahidi wa kutoumwa. Kwa mtoto mchanga na mzee aliyepoteza kumbukumbu, tusome uso, kilio na namna anavyojikunja. Mwenye uwezo wa kusema, tumpe nafasi aseme kwa lugha yake, amalize, ndipo dawa iandikwe.