Njia ya Kwenda na Kurudi: Maktaba ya Socket.IO na Stakabadhi ya Ujumbe

Mfuko wa barua za Dr. Livingstone, wenye alama ya tarehe 1 Novemba, 1870, ulitoka Unguja kwenda Ujiji kwa njia ya misafara. Ulikawia Bagamoyo, kisha ukakaa Kwihara, kando ya Tabora, hata Stanley alipouchukua na kumfikishia mwenyewe karibu na mwisho wa mwaka 1871. Vita vya Mirambo viliongeza ugumu; lakini aliyekuwa pwani alidhurika zaidi kwa kukosa neno la kumjulisha kwamba mzigo umepokewa.

Siku hizi ujumbe hutoka Mtendeni, mjini Tabora, ukafika Dar es Salaam kabla mtu hajapepesa jicho. Udhaifu ule, hata hivyo, haukuondoka.

Desturi ya kale ya mtandao ni ombi na jibu: kivinjari huuliza, seva hujibu, na mazungumzo yamekwisha. Seva haiwezi kusema isipoulizwa. Mwezi wa Desemba, 1911 ulipotimiza miaka 100, yaani mwaka 2011, ilitangazwa kanuni ya WebSocket, ijulikanayo kama RFC 6455, ambayo kwayo ombi la kwanza hugeuzwa kuwa njia moja iliyo wazi, kila upande ukasema wakati wowote upendao, mpaka mmoja aifunge.

Socket.IO, iliyoanzishwa na Guillermo Rauch mwaka 2010, ni maktaba ya kazi hiyo. (Neno maktaba hapa halina vitabu; ni akiba ya sehemu za programu zilizokwisha kuandikwa, azitumiazo mwandishi wa programu katika kazi yake.) Ina matoleo ya JavaScript, Java, Swift, Dart na C++, hata simu, kivinjari na kompyuta ya mezani zaweza kuzungumza na seva moja. Huanza kwa maombi ya kawaida, kisha hupanda kwenye WebSocket ikiwa njia inaruhusu. Lakini ina lugha yake ndani ya lugha hiyo, na programu ijuayo WebSocket tupu haitaelewana nayo.

Ili kujua kama mwenziwe yu hai, seva humbisha hodi kila sekunde 25, na kungoja jibu sekunde 20. Ndivyo ilivyopangwa mwandishi asipobadili. Basi kwa muda wa sekunde 45 hivi yaweza kumhesabu kuwa yupo mtu aliyekwisha kutoweka.

Na uchukuliwe mfano wa mnunuzi wa asali aliye Mtendeni. Anapima kilo 40, anaandika katika simu, anatuma. Papo hapo mtandao unakatika. Ikiwa simu ilikwisha kutambua kwamba imetengwa, maktaba huuweka ujumbe katika kumbukumbu na kuutuma njia irudipo. Programu ikifungwa kabla ya hapo, umepotea. Ikiwa haijatambua, ujumbe hutupwa katika njia iliyokufa, wala hapana alalamikaye. Upande wa seva ni vivyo hivyo: haimwekei akiba asiyekuwapo. Toleo la 4.6.0, la mwaka 2023, lilileta namna ya kurudisha yaliyopita katika mkatiko mfupi, lakini sharti iwashwe, na haifaulu kila mara.

Dawa ni stakabadhi. Maktaba humruhusu mtumaji kudai jibu kwa kila ujumbe, na kuweka muda wa kungoja. Hapa waandishi wengi hukosea, kwa kuwa hutoa stakabadhi mara ujumbe unapoingia mlangoni. Yapasa itolewe baada ya kilo 40 kuandikwa katika hifadhidata, si kabla.

Stakabadhi isipofika, simu itatuma tena. Lakini je, ikiwa kilichopotea ni stakabadhi yenyewe? Mkulima atalipwa kilo 80. Kwa hiyo kila mauzo yapewe nambari yake ya pekee, na kuhifadhiwa katika simu, kabla ya kutumwa. Nayo seva, ikiiona nambari iliyokwisha kuiandika, isiandike mara ya pili, bali itoe stakabadhi tena. Kwa habari zitokazo kwenye seva, simu na ikumbuke nambari ya mwisho iliyoipokea, na inaporudi mtandaoni iombe zilizofuata.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya vijijini tu. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani. Seva ikiwa ng'ambo, ujumbe wa Mtendeni kwenda Dar es Salaam hupita chini ya bahari kwanza.

Kuijaribu kazi hii hakuhitaji zana kubwa. Simu itume mauzo, kisha izimwe data kabla stakabadhi haijarudi. Iwashwe tena baada ya dakika moja, na hifadhidata ichunguzwe. Mstari uwe mmoja.