Kazi ya Faiba Gereji: Tumlinde Fundi na Familia Yake



Tunapozungumza juu ya afya ya familia, mara nyingi tunafikiria malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Ni mara chache tunafikiria kazi anayofanya baba au kijana wetu kutwa nzima, na kile anachorudi nacho nyumbani jioni. Leo tutazame kazi moja inayofanywa karibu kila mji: kutengeneza vipande vya bodi ya gari kwa faiba.

Vijana wengi wakimaliza shule hupelekwa kwa fundi wa bodi kujifunza kazi. Ni kazi ya heshima, na inalisha familia nyingi. Lakini kijana akirudi jioni macho mekundu, mwili unamwasha na kichwa kinamgonga, nyumbani husemwa ni malaria au ni uchovu tu. Humezeshwa dawa, na kesho yake anarudi palepale. Ndiyo sababu yafaa familia nzima ielewe kazi hii, si fundi peke yake.

FAIBA NI NINI?

Faiba ni vitu viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizopangwa kama mkeka au kusukwa kama kitambaa. Cha pili ni gundi nzito iitwayo rezini. Nyuzi hutoa nguvu, na gundi hushika nyuzi zisiachane. Ni sawa na ukuta wa udongo: fito peke yake hazitoshi, na udongo peke yake hubomoka.

Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na bodi ya faiba ni Chevrolet Corvette, lililoanza kutoka kiwandani huko Marekani mwaka 1953. Siku hizi faiba hutumika kwa maboti, matangi ya maji, na vipande vya mabasi na malori. Mafundi wetu huipenda kwa sababu haishiki kutu, hata pwani penye hewa ya chumvi. Tena, madigadi au boneti isiyopatikana dukani, fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe.

KAZI INAVYOFANYWA

Palipopasuka, fundi husugua rangi yote kwa msasa au grainda mpaka aione faiba yenyewe, akipunguza unene wa kingo kidogo kidogo kuelekea kwenye ufa. Kisha hukata vipande vya mkeka, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Huvilowesha kwa gundi na kuvibandika kimoja juu ya kingine, akikandamiza kwa brashi ili hewa itoke. Ikishakauka hupiga msasa tena, hupaka puti, halafu rangi.

Kama anatengeneza kipande kipya, huanza na kalibu. Huipaka nta ili kipande kisigande, kisha hupanga mikeka na gundi ndani yake.

Gundi haikauki yenyewe. Huhitaji dawa ya kuikausha, ambayo mafundi huiita hadina. Kwa kawaida kilo 1 ya gundi huhitaji gramu 10 hadi 20 za hadina. Siku ya joto kali fundi hutumia kiasi kidogo, na siku ya baridi huongeza, lakini havuki mipaka hiyo.

HATARI ZIKO WAPI?

1. Mvuke wa gundi. Ndani ya gundi ya poliesta mna kimiminika kiitwacho stireni. Hicho ndicho chenye harufu kali inayosikika hata barabarani. Sehemu kubwa ya stireni huungana na gundi inapokauka, lakini sehemu nyingine hupaa hewani, na fundi huivuta. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kupaka na wakati gundi inaanza kukauka.

Anayeivuta kwa wingi huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, huwashwa macho na koo, na huwa kama mtu aliyelewa. Anayeivuta kwa miaka mingi anaweza kudhurika mishipa ya fahamu, kusikia kwake, na hata uwezo wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka stireni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Hii haina maana kwamba kila fundi atapata saratani. Ina maana kwamba kuivuta bila kinga si jambo la kupuuza.

Tukumbuke pia kwamba mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukaa chini, mashimoni na katika vyumba visivyo na upenyo.

2. Hadina. Huonekana kama maji, na hapo ndipo penye hatari yake. Tone moja likiingia jichoni laweza kuharibu kioo cha jicho kabisa. Mtu akiimeza huungua koo na tumbo, na anaweza kufa. Katika gereji nyingi hadina hugawanywa na kuuzwa katika chupa za maji ya kunywa au za soda. Mtoto mwenye kiu, au kijana mgeni kazini, atajuaje?

3. Vumbi. Nyuzi za kioo huchoma ngozi na kuleta muwasho mkali. Wengine huogopa kwamba faiba ni sawa na asbesto. Si kweli. Nyuzi hizi ni nene kuliko za asbesto, na nyingi hazifiki ndani kabisa ya mapafu. Lakini msasa na grainda hutoa pia vumbi laini la gundi kavu na puti, na hilo huingia kifuani na kuleta kikohozi.

4. Moto. Mvuke wa gundi hushika moto, na asetoni ya kuoshea brashi hushika upesi zaidi, hata kwa cheche ndogo au sigara. Isitoshe, gundi iliyochanganywa na hadina hujitia joto yenyewe. Ikiachwa nyingi ndani ya kopo huchemka, hutoa moshi, na inaweza kuwaka. Matambara yenye hadina nayo yaweza kuwaka bila kuguswa na kiberiti.

5. Rangi. Rangi nyingi za magari za kuchanganya na hadina yake huwa na kemikali ziitwazo isosianati, ambazo huleta pumu. Mtu akishapata pumu ya aina hii, hata kiasi kidogo sana cha rangi hiyo humbana kifua. Kwa upigaji wa rangi hizo, kinga inayofaa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa nyingi si za gharama kubwa.

a) Fanyeni kazi mahali pa wazi, upepo ukitokea mgongoni mwenu na kupeleka mvuke mbali. Msifanye kazi hii chumbani, wala uani karibu na jiko la mkaa.

b) Vaeni barakoa inayofaa. Kitambaa na barakoa za hospitali, ambazo wengi tulizizoea wakati wa korona mwaka 2020, hazizuii mvuke hata kidogo. Kwa mvuke hutakiwa barakoa ya mpira yenye vikopo vya mkaa, na vikopo hivyo hubadilishwa kila vinapochoka. Kwa vumbi hutakiwa barakoa ya vumbi inayobana vizuri puani.

c) Vaeni miwani ya kukinga macho kabla ya kufungua chupa ya hadina, si baada ya kuanza kuchanganya. Vaeni glovu na nguo za mikono mirefu.

d) Changanyeni kidogo kidogo, kiasi kitakachokwisha kabla ya kukauka. Ikibaki, imwageni iwe tabaka jembamba kwenye bati kuukuu huko nje.

e) Kama kobalti inanunuliwa peke yake, ichanganyeni kwanza na gundi mpaka ienee kabisa, ndipo mtie hadina. Msikutanishe kobalti na hadina moja kwa moja kamwe, kwani hulipuka.

f) Hadina ikimwagika, ifunikeni kwa mchanga. Msitumie maranda ya mbao. Matambara yaliyotumika yaloweshwe maji kabla ya kutupwa.

g) Pigeni msasa wa maji kila inapowezekana, kwani vumbi hupungua sana. Lakini msitumie maji pamoja na grainda ya umeme.

h) Hadina ikae katika chombo chake cha asili chenye maandishi, mahali pa baridi, mbali na gundi, mbali na jua na mbali na watoto. Makopo na madumu yaliyokwisha yasigeuzwe vyombo vya maji au mafuta ya kula.

NYUMBANI JE?

Akina mama, nguo za gereji zisifuliwe pamoja na nguo za watoto, kwani nyuzi huhamia kwenye nepi na mashuka. Zikung'utwe nje, zifuliwe peke yake, na beseni lisuuzwe vizuri. Fundi abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Mama mjamzito asikae mahali gundi inapopakwa.

Kuna desturi ya kunywa maziwa baada ya kazi ya rangi au faiba ili “kusafisha kifua”. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hushuka tumboni, wakati mvuke na vumbi vimeingia mapafuni. Glasi ya maziwa haiwezi kuchukua nafasi ya barakoa. Fedha za maziwa ya wiki chache zinaweza kuwa mwanzo wa kununua barakoa ya kweli.

HUDUMA YA KWANZA

Hadina au gundi jichoni: Oshea hapohapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa dakika 15 au zaidi. Kisha mpelekeni hospitali bila kuchelewa, hata kama maumivu yametulia. Kila gereji iwe na ndoo ya maji safi yenye bomba kwa ajili hii.

Amemeza hadina: Msimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili. Mpelekeni hospitali upesi, na mchukue chupa yenyewe mkamwonyeshe daktari.

Amelewa mvuke: Mtoeni kwenye hewa safi, mlegezeeni nguo. Akipoteza fahamu, mlazeni ubavu na mtafute msaada haraka.

Gundi kwenye ngozi: Ifuteni, kisha osheni kwa sabuni na maji. Msioge asetoni. Hukausha ngozi na kuleta mipasuko.

Muwasho wa nyuzi: Msikune. Osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni. Nyuzi zinazoonekana zing'olewe kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi.

Jambo moja zaidi. Fundi akikohoa kwa wiki 2 au zaidi asiseme, “Ni vumbi la faiba tu.” Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Na kila aendapo kwa daktari aeleze kazi yake, kwa maana daktari hawezi kubahatisha.

WAJIBU WA MWENYE GEREJI NA WA WAZAZI

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumkabidhi kijana wako kwa fundi, nenda ukaione gereji. Uliza: wanachanganyia wapi gundi? Hadina imewekwa katika chupa gani? Miwani ipo? Maji ya kuoshea macho yapo? Fundi mwema hatachukia maswali hayo.

Leo jioni, kabla ya kulala, pitieni nyumba na ua wenu. Mkiona chupa ya soda yenye kitu kisichojulikana, msisubiri kesho. Iondoeni mahali mtoto anapofika, na mwulizeni aliyeileta ni kitu gani.