Umeokoka? Sawa, na choo cha ploti huosha nani?

Hebu tuulizane mapema: kwenu, zamu ya kuosha choo hufuatwa?

Kama unaishi kwa nyumba yenye choo ndani, hongera, wewe umeomoka. Sisi wa chumba kimoja huku Pipeline, choo kimoja ni cha nyumba sita. Kuna karatasi imebandikwa ukutani na selotepu, nambari ya nyumba na wiki yake. Sasa fika saa tatu usiku umechoka, mifereji imekauka, mtungi wa lita 20 unauzwa, na aliyekutangulia hakumwaga maji. Hapo ndipo utajua kama umeokoka kweli.

Mimi nimeokoka. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini kanisa sikuacha. Hata wasifu wangu mtandaoni una msalaba.

Majuzi nilikikuta choo katika hali ambayo sitakuelezea, labda uko mezani. Nikaangalia karatasi. Ilikuwa wiki ya mama mmoja wa nyumba ya mwisho. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ghorofa yetu, na chini yake nikaandika kwamba kuna watu walilelewa zizini. Nikataja nambari ya nyumba. Watu wakacheka, emoji zikamiminika. Nililala vizuri sana.

Asubuhi keateka akanisimamisha kwenye ngazi. "Wewe, huyo dada hajalala hapa tangu Jumapili. Mtoto amelazwa, ni nimonia."

Sasa msee, ungefanya nini? Mimi nilifuta picha haraka nikajiambia yameisha. Kusema kweli nilikuwa naficha ushahidi tu. Ghorofa nzima ilikuwa imeshaiona, na yeye pia, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe.

Mathayo sura ya 18 imeeleza hii kitu hatua kwa hatua. Mtu akikukosea, mwendee kwanza mkiwa wawili tu. Akikataa, rudi na mmoja au wawili. Kanisa zima huletwa baadaye kabisa. Mimi nilianza na kanisa zima. Na sidhani niko peke yangu, angalia tu magrupu uliyomo.

Halafu kuna ile stori ya Yohana 13 ambayo kila mtu anaijua, Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Enzi hizo watu walitembea na makubadhi kwenye vumbi, na kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumishi. Wahubiri hupenda kumzungumzia Petro, aliyekataa kuoshwa. Mimi wiki hii nimesumbuliwa na Yuda. Ukifuata mpangilio wa Yohana, Yuda alitoka nje baadaye, kwa hivyo beseni lilimpata akiwa bado pale. Yesu aliinama akaosha miguu ambayo, usiku huohuo, ingeenda kumuuza. Na alijua! Mimi nilishindwa kuvumilia jirani ambaye hata hakuwa amenikosea.

Dada aliporudi nilienda kumgongea. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema tu nilikosea, niliandika bila kuuliza, naomba msamaha. Akaniangalia, mtoto begani. "Sawa," akasema, akafunga mlango polepole. Nilitamani aseme yameisha ndio nijiskie poa. Hakusema, na ni haki yake.

Baadaye nikaandika kwenye grupu, maana huko ndiko nilikomchafulia jina. Zakayo wa Yeriko aliahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Mimi mistari mitatu tu ilinichukua nusu saa. Safari hii hakuna emoji hata moja. Kuna mmoja hata alitoka kwenye grupu, sijui mbona.

Wiki yake iliyobaki nikaiosha mimi. Usinione nikiingia na glavu nikiimba mapambio, la. Niliosha nikiwa nimeziba pua na kununa. Hakuna aliyenishukuru, isipokuwa mmoja aliyeniuliza kama sasa ndio kazi nimepata.

Kuna atakayesema basi huo ni upole wa kukanyagwa. Hapana. Yesu alipopigwa kofi na mlinzi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, lakini alimuuliza mbona anampiga. Iko pale Yohana 18. Alisema neno lake, akamwangalia mtu akiwa mbele yake.

Na kuna neno la kusemwa hapa kwetu, maana keateka anamjua aliyekichafua choo siku ile. Ni jamaa wa mlango unaotazamana na wangu. Zamu zake zote huziruka, na wala hauguzi mtu. Alhamisi nilimgongea, peke yangu. Alinieleza kuhusu mkeka wake uliochanwa na timu moja dakika ya mwisho, kisha akaniambia, "Haki bro, Jumamosi naosha."

Jumamosi ilipita. Leo ni Jumanne, na mimi na keateka tumekubaliana tumwendee jioni akitoka job. Simu nitaiacha kwa keja.